Kiti cha Henry VII na Vijana Wawili Waliokidai

Henry Tudor alipolishinda jeshi la Richard III na mfalme huyo akauawa uwanjani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, upanga ulimpa taji la Uingereza lakini haukumpa nasaba, kwa kuwa damu ya kifalme aliyokuwa nayo ilimfikia kupitia mama yake, Margaret Beaufort, ambaye tawi lake katika ukoo wa Lancaster lilianzia kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa na kuhalalishwa baadaye. Ukoo wa pili uliogombea taji hilo, ule wa York, ulikuwa na warithi wenye haki iliyo wazi zaidi kuliko yake. Henry mwenyewe alikuwa ametoka katika uhamisho wa miaka 14 huko Brittany na Ufaransa, akilishwa na watawala wa kigeni waliomwona kuwa mtaji wa siasa, na kwa hiyo mfalme huyu aliyeandamwa maisha yake yote na wadai wa kiti aliijua kazi yao vizuri, maana aliwahi kuifanya.

Ili kuwatuliza wafuasi wa York, Januari 1486 alimwoa Elizabeth, binti wa marehemu Edward IV, na hapo ndipo fundo lilipofungwa. Richard III alikuwa amekikalia kiti mwaka 1483 kwa hoja kwamba ndoa ya kaka yake Edward haikuwa halali, hivyo watoto wake wote walikuwa haramu, na Bunge likaigeuza hoja hiyo kuwa sheria. Kwa kuwa Henry hakuweza kumwita binti haramu malkia wa mapatano, sheria hiyo ilifutwa na nakala zake zikaamriwa ziteketezwe. Lakini kalamu iliyomhalalisha Elizabeth iliwahalalisha vilevile wadogo zake wawili wa kiume, Edward na Richard, ambao walikuwa wamewekwa katika Mnara wa London, ngome iliyotumika kama jumba la kifalme na pia gereza, na hawakuonekana tena baada ya mwaka 1483. Ikiwa mmoja wao alikuwa hai, basi ndiye aliyekuwa mfalme, na hapakuwa na maiti wala kaburi la kuwaonyesha wenye shaka.

Mdai wa kwanza, hata hivyo, hakuingilia mlango huo. Lambert Simnel, mtoto wa fundi wa Oxford mwenye umri wa miaka 10 hivi, alifundishwa adabu za ikulu na padri mmoja, kisha akapelekwa Ireland na kutangazwa kuwa Edward wa Warwick, mtoto wa kaka mwingine wa Edward IV. Jibu la Henry lilikuwa jepesi: Warwick halisi alikuwa mfungwa wake, basi akatolewa Mnarani mapema mwaka 1487 na kupitishwa katika mitaa ya London ili watu wamwone. Mabwana wa Ireland, wakiongozwa na mkabaila wa Kildare, hawakubabaika, na tarehe 24 Mei wakamvika mtoto yule taji katika kanisa kuu la Christ Church mjini Dublin, taji ambalo inasimuliwa kwamba liliazimwa kutoka kwenye sanamu ya Bikira Maria. Margaret wa Burgundy, shangazi wa Warwick halisi, alitoa mamluki 2,000, yaani askari wa kukodiwa, na John de la Pole, mkabaila wa Lincoln, ambaye alimfahamu ndugu yake Warwick na hangeweza kudanganyika, alijiunga nao bila kusita. Walioangamia katika vita vya Stoke, Uingereza, jeshi hilo liliposhindwa na Henry tarehe 16 Juni 1487, Lincoln akiwa miongoni mwao, hawakufa kwa kuamini uongo, bali kwa kuuona unafaa. Simnel alisamehewa na kupewa kazi jikoni mwa mfalme, ya kuzungusha vyuma vya kuchomea nyama juu ya moto, na masimulizi ya Ireland yanadai kwamba mabwana walewale waliomtawaza waliwahi kuandaliwa divai naye mezani pa Henry.

Mdai wa pili aliingilia mlango uliokuwa wazi. Perkin Warbeck, mzaliwa wa Tournai, alifika Cork mwaka 1491 akimtumikia mfanyabiashara wa hariri, na kwa mujibu wa ungamo lake la baadaye, wenyeji walipomwona amevaa vitambaa vya tajiri wake walimdhania kuwa Warwick, kisha mwana wa Richard III, na alipokana yote mawili wakashikilia kwamba ni Richard, mdogo wa wale wana wawili waliopotea. Ungamo hilo lilitolewa mikononi mwa mfalme, hivyo halifai kuaminiwa neno kwa neno, ila linaonyesha jinsi jina lilivyokuwa likitafuta mtu wa kulibeba. Mfalme wa Ufaransa alimpokea, akamfukuza alipotia saini mkataba na Henry mwaka 1492. Margaret wa Burgundy akamkubali kuwa mtoto wa kaka yake. Maximilian, mtawala wa Austria, naye akamtambua. Mwaka 1493 Henry alipiga marufuku biashara na Flanders, alikohifadhiwa Warbeck na lililokuwa soko kuu la nguo za sufu za Uingereza, akikubali kuwaumiza wafanyabiashara wake mwenyewe ili kijana mmoja akose pa kulala.

Sumu ya Warbeck ilifika hadi ikulu. Sir William Stanley, ambaye askari wake ndio waliookoa maisha ya Henry kule Bosworth, alikatwa kichwa Februari 1495, na kosa alilodaiwa kutenda lilikuwa kusema kwamba kama angekuwa na hakika kuwa kijana yule ni mwana wa Edward, asingeshika silaha dhidi yake. Neno hilo la "kama" lilitosha kuwa uhaini, kwa sababu lilikuwa ndani ya vifua vya wengi.

James IV wa Uskoti alimwoza Warbeck binti wa ukoo mkubwa, Catherine Gordon, na mwaka 1496 akavuka naye mpaka kwa siku chache zisizo na faida. Kodi iliyotozwa kwa ajili ya vita hivyo ndiyo iliyozaa hatari kubwa kuliko Warbeck mwenyewe: watu wa Cornwall, wasioona sababu ya kuvigharamia vita vya kaskazini ya mbali, waliandamana hadi Blackheath, kwenye mlango wa London, wakiongozwa na mhunzi Michael Joseph na mwanasheria Thomas Flamank, wakavunjwa tarehe 17 Juni 1497. Warbeck alitua Cornwall Septemba, moto ukiwa umeshazimwa, akashindwa kuuteka mji wa Exeter, akalitoroka jeshi lake usiku na kujisalimisha.

Huenda angeishi kama Simnel, lakini alitoroka ikulu mwaka 1498, akakamatwa na kutupwa Mnarani, walikokuwa sasa yeye na Warwick chini ya paa moja, na mwaka 1499 wote wawili walishtakiwa kwa kula njama. Wakati huo Henry alikuwa akimsubiri mchumba wa Hispania wa mwanawe Arthur, na Januari 1500 balozi wa Hispania aliandika nyumbani kwa faraja kwamba hapakuwa tena na damu ya kifalme yenye utata nchini humo. Warbeck alinyongwa Tyburn tarehe 23 Novemba 1499. Siku tano baadaye alikatwa kichwa Edward wa Warwick, mwenye umri wa miaka 24, aliyefungwa tangu utotoni na ambaye kosa lake la kweli lilikuwa kuzaliwa. Naye Simnel, aliyetawazwa Dublin kwa jina lake, aliachwa hai katika utumishi wa mfalme, ambamo hatimaye alipandishwa kutoka jikoni akawa mtunza kozi, ndege wa kuwindia.