Mstari wa Kalenda na Haki ya Maskini

Watoto wetu wa sekondari hufundishwa kuchora mihimili miwili, kutia nukta na kuziunganisha kwa rula. Kisha huulizwa mambo mawili: mstari unapanda kwa kiasi gani kwa kila hatua, na unaukata wapi mhimili wa wima. La kwanza tuliite mteremko, hata kama mstari unapanda. La pili, mwanzo. Wengi hupata tarakimu sahihi, wasijue zinasema nini, na sisi wazazi tukidhani hayo ni mambo ya mitihani tu, hatuwasaidii.

Tuchukue walima. Tuseme ukumbi ni shilingi 400,000, aje mtu asije, na chakula ni shilingi 8,000 kwa kila mgeni. Mwanzo wa mstari ni 400,000, yaani gharama penye wageni sifuri. Mteremko ni 8,000. Wageni 50 wa ziada ni sawa na kukodi ukumbi wa pili. Aliyeliona hilo huacha kubishania punguzo la ukumbi, akaitazama upya orodha ya waalikwa.

Lakini mfano mzito zaidi umetundikwa ukutani. Mhimili wa mlalo uwe miaka ya Hijria, wa wima miaka ya Miladia. Mwaka wa mwezi una siku zipatazo 354, wa jua 365. Basi kila mwaka wa Hijria unapopita, ule wa Miladia husogea kwa takriban 0.97 tu. Huo ndio mteremko. Mwanzo ni 622, mwaka Mtume Muhammad (s.a.w.) alipohama kutoka Makka kwenda Madina, ambao katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.) ulifanywa kuwa chimbuko la hesabu yetu. Zidisha 1446 kwa 0.97, ongeza 622: utapata 2024 na ushei, na kweli mwaka 1446 ulianza Julai 2024. (Mwaka sifuri wa Hijria haukuwapo, na kwa miaka mingine jibu laweza kupishana kwa mwaka mmoja. Mstari ni msaidizi, si kadhi.)

Mteremko huo kuwa chini ya moja ndiko kunakoifanya Ramadhani itangulie kwa siku kama 11 kila mwaka, ikazunguka misimu yote kwa miaka ipatayo 33. Hili kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni linavyoingia dukani.

Mfanyabiashara afungaye vitabu kila tarehe 31 Desemba, akatoa zaka asilimia 2.5, hudhani amemaliza. Lakini haul ya zaka huhesabiwa kwa miezi ya mwandamo. Kila mwaka huchelewa siku 11, na miaka 33 ya Miladia ikitimia, ya Hijria imekwisha kuwa 34. Zaka ya mwaka mzima imebaki mikononi mwake, na si mali yake.

Tuitie fedha. Mali ya zaka ikiwa shilingi 20,000,000 kila mwaka, asilimia 2.5 ni 500,000. Taasisi za fedha za Kiislamu zinazofunga hesabu kwa mwaka wa jua hutumia asilimia 2.577 ili kufidia zile siku, nayo ni 515,400. Tofauti ya 15,400 haimshtui mtu. Izidishe kwa 33: ni 508,200, karibu sawa na zaka nzima ya mwaka mmoja. Mteremko mdogo usiosimama hufika mbali.

Tena tuulinganishe mstari huu na ule wa walima. Zaka haina ada ya kuingilia kama ukumbi. Asiyefikisha nisabu hadaiwi chochote, na aliyefikisha hutoa 25 katika kila 1,000. Ni mfano mzuri wa kuchorwa na kijana wa kidato cha pili kwa daftari la duka la baba yake.

Njia nyepesi kwa mwenye duka ni kuitafuta tarehe ya Hijria aliyotimiza nisabu, na kama haikumbuki, achague moja, mathalani mosi Ramadhani, asiiache tena. Ambaye amelipa kwa Desemba miaka mingi amwendee sheikh wa msikiti wake, na daftari lake mkononi, wahesabu pamoja siku zilizobaki.