Majina Manne ya Mtu Mmoja: Kuwasaka Mababu wa Kislovakia katika Kumbukumbu za Kale

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, wapo watu ambao hawakuiacha asili yao, bali ilifichwa na kalamu ya karani. Miongoni mwao ni Wamarekani ambao babu zao walitoka Slovakia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaenda kufanya kazi migodini na viwandani, hasa katika maeneo ya Pittsburgh na Cleveland.

Mjukuu anayelisaka neno Slovakia katika hati za enzi hizo aghalabu hurudi mikono mitupu. Sababu ni kwamba hadi mwaka 1918 nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Ufalme wa Hungaria, ndani ya dola ya Austria-Hungaria. Baadaye iliungana na Wacheki, na jamhuri ya leo ilizaliwa tarehe 1 Januari 1993. Kwa hiyo, mhamiaji aliandikwa kuwa mzaliwa wa Hungaria au Austria.

Lugha ndiyo inayomfichua. Sensa ya Marekani ya mwaka 1910 iliwauliza wahamiaji lugha yao ya mama. Aliyejibu Kislovakia akatengana na Wahungari waliozaliwa katika ufalme uo huo. Orodha za abiria wa meli nazo zilianza mwaka 1899 kuonyesha kabila la msafiri, na kuanzia mwaka 1907 zikaongezewa jina na makazi ya jamaa wa karibu aliyebaki nyumbani. Jamaa huyo huweza kuwa ufunguo wa kijiji kizima.

Tatizo la pili ni jina. Katika daftari la ubatizo lililoandikwa kwa Kilatini, mtoto huitwa Joannes. Sheria ya mwaka 1844 ilikifanya Kihungari kuwa lugha rasmi ya ufalme, na katika daftari la Kihungari mtu yuyo huyo ni János, tena jina la ukoo likitangulia. Nyumbani aliitwa Ján. Marekani akawa John. Wengi huamini kwamba makarani wa kisiwa cha Ellis ndio waliobadilisha majina. Ukweli ni kwamba wao walisoma orodha zilizotayarishwa katika bandari za safari, kama vile Bremen na Hamburg. Mara nyingi jina lilibadilika baadaye, kazini au shuleni, au kwa hiari ya mwenyewe.

Miji nayo ina majina mengi. Košice ya Waslovakia ni Kassa kwa Wahungari na Kaschau kwa Wajerumani. Asiyelijua hilo huweza kudhani kwamba ndugu watatu walizaliwa katika miji mitatu.

Kijiji kikishajulikana, mtafiti huyaendea madaftari ya parokia, na kwa matukio ya tangu Oktoba 1895, yale ya serikali. Hapo hulinganisha tarehe, majina ya wazazi na ya wasimamizi wa ubatizo, maana katika kijiji kimoja akina Ján wa ukoo mmoja walikuwa wengi. Akimchukua asiye wake, vizazi vyote vinavyofuata vitakuwa vya watu wengine.

Ni dhahiri, basi, kwamba kumbukumbu haimwelezi mtu peke yake. Humweleza pia mtawala aliyeamua iandikwe kwa lugha gani.