Jembe na Udongo wa Machakos

Mtu apitaye katika vilima vya Machakos huona miteremko iliyokatwa ngazi kwa ngazi tangu juu hata bondeni, na mahindi na kunde vimesimama katika kila ngazi. Ni vigumu kuamini kwamba katika mwaka wa 1937 vilima hivyo hivyo vilipigwa picha, nazo zikaonyesha makorongo, mawe na ardhi iliyo tupu.

Serikali ya wakati ule ilikata shauri kwamba ng'ombe wamezidi, na mwaka 1938 ikaanza kuwapunguza kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu, wake kwa waume, wakaenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kumtaka Gavana awarudishie mifugo yao. Muindi alihamishwa akapelekwa Lamu, lakini amri ya kuwatwaa ng'ombe iliachwa. Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Kwa kutaka kumaliza upesi, udongo ulitupwa upande wa chini wa mfereji, na mvua kubwa ikapasua matuta mengi. Nani angetengeneza kwa hiari kitu alichoamriwa?

Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya 1950, kazi ilipowekwa mikononi mwa mwethya, yaani desturi ya kale ya Wakamba ya majirani kusaidiana shambani kwa zamu. Wanawake ndio waliokuwa wengi. Tena watu wa Machakos walipopata ruhusa ya kupanda kahawa, waliona wenyewe kwamba tuta pana huleta fedha. Baada ya Uhuru wa 1963 kazi ililegea kwa muda, maana matuta yalinuka ukoloni. Kisha wakulima wakayarudia bila kusukumwa na mtu.

Tuta walilolipenda ni lile la "fanya juu", jina la Kiswahili ambalo sasa limo katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi za ng'ambo. Mkulima hupima usawa kwa kamba na pima-maji, huchimba mfereji wa futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na udongo wote huutupa upande wa juu, ingawa mgongo huuma zaidi. Maji yateremkayo huzuiwa na ukingo huo, huacha udongo wake hapo, na baada ya miaka kadha shamba lenyewe huwa tambarare.

Lakini tuta halileti mvua. Kwa hiyo kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kilitoa mahindi yanayokomaa upesi kabla unyevu haujakwisha, na wakulima wengi wakayapokea.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya hiyo. Watu walikuwa wameongezeka kutoka 240,000 hivi mwaka 1932 hata karibu 1,400,000 mwaka 1989, na udongo ulihifadhiwa vizuri kuliko zamani walipokuwa wachache.

Kazi yenyewe haina mwisho. Baada ya mavuno mfereji huzolewa, udongo hurudishwa juu ya ukingo, na majani yaliyopandwa pale hukatwa kuwa chakula cha ng'ombe, wale wale waliodhaniwa kuwa adui wa shamba.