MITI INAYOPENDWA KWENYE MSUMENO, NA ILE INAYONGOJA KUPENDWA



Kila siku tunakaa juu ya mbao, tunaandika juu ya mbao, na mbao zinashika malata ya darasa letu. Lakini ukiuliza mwanafunzi, "Benchi lako ni la mti gani?" atakujibu, "Ni la mbao tu." Kwa hiyo sisi wa kikundi cha gazeti tuliuliza wapasuaji mbao wa hapa Oicha: Ni mti gani mnaopenda zaidi kuupasua, na kwa sababu gani? Tulifikiri watatupa jina moja. Kumbe jibu haliko moja, kwa sababu mpasuaji, seremala na mnunuzi hawapendi kitu kimoja.

Mpasuaji anapenda mti ulionyoka, usiomaliza meno ya msumeno. Seremala anapenda mbao isiyopinda baada ya kupigwa misumari. Mnunuzi anapenda mbao ambayo mchwa hawaili, na yenye rangi nzuri machoni. Tuone sasa miti yenyewe, mmoja kwa mmoja.

1. MVULE

Wafaransa wanauita iroko. Mzee mmoja alituambia, "Muvule njo mfalme." Kweli, mchwa hawauwezi moyo wake, na mvua haiuozeshi upesi. Mbao yake ikitoka kwenye msumeno iko ya manjano. Baadaye mwanga unaigeuza kuwa ya kahawia yenye kung'aa. Ikikauka, kipande cha meta 1 kwa meta 1 kwa meta 1 kina uzito wa kilo 650 hivi. Nguvu iko, lakini si mzigo wa kuua mtu. Tena haipindi sana. Ndiyo sababu watu wanaitaka kwa milango, madirisha na meza.

Lakini mfalme huyu ana siri yake. Ndani ya mvule mara nyingine kuna jiwe. Si mfano, ni jiwe kweli, la chokaa, ambalo mti wenyewe umelitengeneza, hasa pale ulipoumizwa zamani. Kwa nje huwezi kuliona. Msumeno unatembea vizuri, halafu ghafula sauti inageuka, na meno yamekwisha. Wapasuaji wenye akili wanasikiliza sauti na kutazama rangi ya unga. Tena vumbi la mvule linachoma pua na ngozi ya watu wengi. Anayeupasua afunge kitambaa puani.

Jambo lingine la kujua: ni moyo wa mvule tu unaoshinda mchwa. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, karibu na ganda, inaliwa kama mti mwingine wote. Muuzaji akikuletea "mvule" yenye mstari mweupe mpana, usilipe bei ya moyo.

2. MBAO NYEKUNDU: AKAJU, SAPELI NA SIPO

Hii ni jamaa moja ya miti. Wafanyabiashara wanaotuma mbao Uganda kwa njia ya Kasindi wanaijua sana, na mbao nyingi zinaendelea mpaka Kenya. Akaju ni nyepesi kuliko mvule, na msumeno unaipenda. Sapeli ni nzito kidogo, na ikipasuliwa inanukia vizuri. Tena ina mistari ya kung'aa kama utepe.

Mistari ile inatoka wapi? Nyuzi za sapeli hazipandi moja kwa moja. Muda fulani zinazunguka kwenda kuume, halafu zinageuka kwenda kushoto. Kwa macho ni uzuri, lakini kwa randa ya seremala ni taabu, kwa sababu upande mmoja unalainika na upande wa pili unang'oka vipandevipande. Sipo ina nyuzi za utulivu zaidi, na maseremala wengi wanaipenda kwa sababu hiyo.

3. KIRUNDU

Huu ni mti mweupe na mwepesi, karibu kilo 430 tu kwa kipande kile kile cha meta 1 kila upande. Msumeno unapita kama kisu katika ndizi. Wapasuaji vijana wanaupenda kwa sababu siku moja inatoa mbao nyingi. Lakini kirundu hauna subira. Ukiuangusha leo na kuuacha ukilala porini, baada ya siku chache utaona rangi ya bluu na matundu ya wadudu. Inafaa kuupasua upesi, kupanga mbao na vijiti katikati ili hewa ipite, na kuzifunika mvua isizipige. Ni mbao ya plafo, ya masanduku na ya kazi za ndani. Usiitie udongoni kamwe.

4. MBAU

Ukienda kutoka Oicha kuelekea Beni unapita centre ya Mbau. Mbau ni vilevile jina la mti mkubwa wa pori la Ituri, ule ambao wenye vitabu wanauita Gilbertiodendron dewevrei. Pale unapotawala, unatembea mwendo mrefu ukiona karibu mti huo peke yake, na chini yake giza. Mbegu zake ni kubwa, na Wambuti wanazijua kama chakula. Mbao yake ni nzito, kama kilo 800, na ni ngumu. Wapasuaji hawaukimbilii. Mmoja alisema, "Ile muti iko mzuri, lakini inakula meno." Hata hivyo kwa daraja, nguzo na kazi nzito, ugumu huo ni faida.

5. KALITUSI

Huu hautoki porini, unapandwa. Ukipanda kuelekea Butembo na Lubero utaona vilima vimejaa kalitusi. Watu wengi wanausema vibaya: "Unapasuka, unapinda, haufai." Ni kweli unapasuka, lakini tujue sababu. Kalitusi ukiwa umesimama, sehemu yake ya nje imejivuta kama kamba iliyokazwa, na sehemu ya katikati imebanwa. Ukiukata, kamba ile inalegea kwa nguvu. Ndiyo sababu gogo linapasuka kwenye vichwa, na mbao inajikunja kama upinde.

Dawa yake ni ufundi. Usipasue upande mmoja tu mpaka mwisho. Toa mbao upande huu, geuza gogo, toa upande wa pili, geuza tena. Hivyo nguvu za pande mbili zinalingana. Ile ya katikati kabisa iwe nguzo au kuni. Gogo lisingoje wiki nyingi. Mbao zipangwe na mawe mazito juu, na zikauke polepole kivulini. Ukifanya hivyo kalitusi inatoa mbao za paa zenye nguvu.

Kuna na grevilea, ambayo watu wanapanda katika kahawa, na musizi, ambao unakua upesi sana. Mbao ya musizi ni nyepesi na msumeno unaipenda, lakini mchwa vilevile. Itumie ndani ya nyumba, juu ya msingi mkavu.

HESABU KIDOGO KWA WANAFUNZI

Mpasuaji hapotezi mbao katika mti mbaya tu. Anapoteza katika njia ya msumeno. Tuseme tuna boriti yenye unene wa cm 40, na tunataka mbao za cm 2.5. Msumeno wa mashini ya mkono, ule wa mnyororo, unakula karibu cm 1 kila mara unapopita. Utapata mbao 11. Msumeno wa duara ukila cm 0.6, utapata mbao 13. Msumeno wa utepe mwembamba, unaokula cm 0.2, utapata mbao 14. Mti ni ule ule. Mbao 3 zimegeuka unga chini ya miguu. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe: mbao 11 zinahitaji njia 10 katikati yake, si 11.

Wazee wetu walipasua kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini. Kazi ilikuwa ya jasho, lakini msumeno ule ulikula kidogo kuliko mnyororo wa siku hizi.

SASA, SHIDA IKO WAPI?

Shida ni kwamba sisi wote tunapenda miti ile ile miwili au mitatu. Mvule na akaju vinaondoka kwanza. Mti wa mvule wa kupasua unahitaji zaidi ya miaka 50 ya kukua. Mashini inauangusha kabla ya saa ya chakula. Hivyo kila mwaka mpasuaji anaingia pori mbali zaidi.

Na kwa inchi yetu ya Beni, mbali zaidi si neno dogo. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamepita vijiji vyetu na mashamba yetu. Watu wa Oicha wanajua ni nani hawakurudi kutoka shamba au pori. Mashariki yetu kuna Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kukata mti humo ni kosa. Kwa hiyo mbao nzuri inayotafutwa mbali inaweza kulipwa kwa damu. Hatusemi hivi ili kuwatia hofu. Tunasema ili mtu anayetaka mlango wa mvule ajue kwamba mti ule haukutembea mwenyewe mpaka barabarani.

Mtu atajibu, "Basi tupande mvule na akaju, mistari kwa mistari, kama kalitusi." Ni neno zuri, lakini miti hii miwili inakataa mistari. Ukipanda mvule mingi pamoja, kuna mdudu mdogo sana anayeingia katika majani machanga na kufanya vivimbe, na mche unadumaa au kufa. Akaju na sapeli nazo zina adui: kiwavi anayetoboa kichwa cha mche, na mti unatoa matawi mengi mafupi mahali pa shina moja refu. Maana yake, miti tunayoipenda kuliko yote ndiyo ile isiyokubali kupandwa kwa urahisi.

Hata serikali za dunia zimeanza kuona hatari hii. Katika mkutano wa CITES wa mwaka 2022, akaju za Afrika za jamii ya Khaya zilitiwa katika orodha ya miti ambayo haivuki mpaka kwa biashara bila karatasi za ruhusa. Na hapa kwetu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inasema pori ni mali ya serikali, na kupasua mbao kwa biashara kunahitaji ruhusa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuweke kila mti mahali pake. Si lazima plafo iwe ya mvule. Kirundu inatosha. Si lazima paa liwe la akaju. Kalitusi iliyopasuliwa kwa ufundi inatosha. Mvule tuuwekee pale mvua na mchwa vinapopiga: kizingiti, dirisha, mlango wa nje. Ukitumia mvule kwa sanduku la viatu, umeuza ng'ombe kununua yai.

Pili, tukinunua mbao, tuulize maswali matatu. Ni mti gani? Ni moyo au ni nyeupe ya pembeni? Imekauka tangu lini? Benchi nyingi za shule zinavunjika si kwa sababu mti ni mbaya, lakini kwa sababu mbao ilipigwa misumari ikiwa ingali na maji. Ikikauka, inajikunja, misumari inalegea, na mwanafunzi anakaa chini.

Tatu, na hili ni letu sisi vijana. Wazazi wetu wengi wanalima kakao sasa. Wakati wa kusafisha shamba, panga inakata kila kitu kidogo. Lakini popo na upepo vinaleta bure kile tusichoweza kupanda kwa mistari. Popo wanakula matunda ya mvule na kuangusha mbegu huku na huku. Upepo unabeba mbegu zenye mabawa za akaju. Mche mmoja hapa, mwingine kule, kati ya miti mingine, mdudu anaupata kwa shida. Tujifunze majani ya mvule na ya akaju yakiwa madogo, na tukiona mche katika kakao, tuufungie kijiti ili panga iupite. Kakao inapenda kivuli kidogo, na mti utakua karibu na nyumba, mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi salama.

Mfalme Sulemani alipotaka kujenga hekalu, alituma kwa Hiramu wa Tiro kutafuta mierezi na watu wenye ufundi wa kukata. Mierezi ya Lebanoni ilisifiwa na kupendwa na wafalme wengi, na leo imebaki katika vipande vidogo vya milima. Kwa hiyo tusimwombe Mungu miti mipya huku panga yetu inakata ile ambayo amekwisha kuiotesha.

Mwanafunzi atakayeweza kutuambia benchi lake ni la mti gani, na kutuonyesha alama iliyomjulisha, atuletee jibu. Tutaliandika katika gazeti linalokuja.

Sisi, kikundi cha gazeti