Mafuta kidogo mbele ya kusukuma

Wandugu watumikaji, na ninyi wamama wenye kungoja posti ya usiku irudi, leo tuseme juu ya ganda la risasi, ile watu wanaita duiye. Hatusemi vita, na hatuambii mutu ajaribu hii kazi nyumbani. Tunasema juu ya mukuba wetu, na juu ya mafuta kidogo yenye kuokoa chombo.

Duiye ya rangi ya njano si mukuba mutupu. Kwa kawaida, katika kilo 10 za madini yake, 7 ni mukuba na 3 ni zenki. Mukuba, Kolwezi wanaujua. Zenki, Kipushi wanaijua.

Kule Marekani, wawindaji wengi na watu wa mashindano ya kulenga hawatupi duiye kisha kupiga. Wanaiokota, wanatia fataki, baruti na risasi mupya. Lakini kuko shida. Bunduki ikipiga, moto unavimbisha duiye mpaka inagusa ukuta. Kisha inanywea kidogo tu, hairudi kipimo yake ya kwanza. Basi wanaisukuma na presi ndani ya kalibu ya chuma.

Hapo mafuta yanaanza kazi. Ukisukuma duiye kavu, inashika chuma na kukwama: haiendi mbele, haitoki. Ukivuta na nguvu, presi inang'oa kitako na mwili unabaki ndani. Sasa ni kutoboa, kukata vijino, kuingiza bulo na kuvuta polepole. Taabu yote hiyo juu ya mafuta ya kupakala na kidole!

Mafundi wa ile kazi wanapakala kidogo kwa mwili wa duiye, na kidogo ndani ya shingo. Wengi wanapenda lanolini, mafuta ya manyoya ya kondoo. Hawazidishi, maana mafuta hayabanwi: yakijaa ndani ya kalibu yanabonyeza bega la duiye. Kisha wanapangusa yote. Yakibaki inje, duiye haishiki ukuta vizuri wakati wa kupiga, na kufuli ya bunduki inabeba nguvu zaidi. Yakibaki ndani, yanaweza kuharibu baruti.

Kuko kalibu ingine, ya kabire ya tungsteni, kwa duiye za bastola zilizo sawa toka chini mpaka juu. Hiyo haiombi mafuta. Nini inafunga pamoja zile punje ngumu? Mara mingi ni kobalti. Tazameni: mukuba, zenki, kobalti. Vitu vitatu tunavyochimba huku, viko juu ya meza ya mutu moja kule mbali.

Na yule mutu, mbele ya kusukuma, anasimama, anapakala. Hakuna anayemupigia kelele: «Upesi!» Kwetu je? Mashini ya kutoboa mawe, mukanda wa kubeba mawe, kamba ya chuma ya kushusha watu, vyote vinaomba grisi. Rulema kavu inapata joto, na kwenye mukanda inaweza kuwasha moto. Kamba kavu inakulana ndani, uzi kwa uzi, macho haijaona kitu. Lakini mara mingi kapita anahesabu tani, hahesabu dakika za grisi.

Ndiyo maana sendika zetu zinapashwa kuomba kitu kidogo, na kukiomba bila kuchoka: dakika za grisi ndani ya saa za kazi, zenye kulipwa. Grisi itoke kwa kompani, si kwa mufuko wa mutumikaji. Na daftari iwe pale, kila posti iandike nani alipakala, wapi, saa ngapi. Mutu akisema «mashini hii imekauka, haiwashwi», asifukuzwe.

Nanyi wamama, bwana akirudi akisema kamba inalia, musimuambie anyamaze juu ya mushahara. Mumuambie kesho, mbele ya kushuka, apeleke neno kwa delege.