Uranus karibu na Kilimia: sayari iliyoonekana kabla ya kugunduliwa

Mwanzoni mwa Desemba 2026, usiku usio na mbalamwezi, mtu akitoka nje kidogo ya Tarime mjini na kuziacha taa nyuma yake atakiona Kilimia kikipanda mashariki mara giza linapoingia. Kufikia saa tano na nusu usiku kitakuwa kimefika juu kabisa ya njia yake, upande wa kaskazini. Mvua za vuli zinaweza kuziba anga la Mara kwa siku kadhaa, lakini zikikatika vumbi huwa limetulia na nyota huonekana vizuri. Umbali wa vidole vitatu hivi vya mkono ulionyooshwa kutoka Kilimia ipo nukta hafifu sana. Mwenye macho makali anaweza kuiona bila chombo chochote. Kwa darubini ya macho mawili, ile ile ambayo waongoza watalii wa Kogatende huitumia kumtafuta chui mtini, inaonekana bila taabu.

Nukta hiyo ni Uranus, sayari ambayo kipenyo chake ni mara nne ya kile cha Dunia.

Desemba 1690 ilikuwa karibu na mahali hapo hapo. John Flamsteed, mnajimu wa mfalme wa Uingereza, aliiona akaiandika katika orodha yake kama nyota ya 34 ya kundi la Ng'ombe. Uranus hulizunguka Jua kwa miaka 84, kwa hiyo tangu usiku ule imekwisha kuzunguka mara nne. Flamsteed hakukosea kuangalia. Kilichokosekana ni kuirudia nukta ile siku nyingine na kuuliza kama bado ipo pale pale. Mfaransa Pierre Le Monnier naye aliiandika mara 12 kati ya 1750 na 1769, na kila mara akaihesabu kuwa nyota.

Mshtarii na Zohali hazikuhitaji mgunduzi, kwa kuwa zinang'aa kuliko karibu nyota zote na watu wamezifuata tangu kale. Galileo alipoielekezea Mshtarii darubini yake Januari 1610, alichokipata ni miezi minne inayoizunguka. Miezi hiyo pia huonekana kwa darubini ya safari, mradi mkono uegemezwe kwenye kitu kisichotikisika. Habari ya Uranus ni nyingine: mwanga wake ni mdogo na mwendo wake ni wa pole. Kwa mwezi mzima husogea kiasi cha upana wa Mwezi mara mbili tu.

Aliyeitambua ni mwanamuziki. William Herschel alikuwa akipiga kinanda kanisani mjini Bath, na muda wake uliobaki aliutumia kusugua vioo vya darubini kwa mikono yake mwenyewe. Tarehe 13 Machi 1781, akiwa katika bustani ya nyumba yake, aliona nukta yenye umbo la kiduara. Alibadilisha lenzi ili kuikuza zaidi, kisha akabadilisha tena. Nyota hata zikikuzwa hubaki vinukta, lakini hii iliongezeka ukubwa kila mara. Baada ya siku nne aliitafuta akakuta imehama. Yeye alidhani ni nyota yenye mkia. Waliokokotoa njia yake ndio waliothibitisha kuwa ni sayari, iliyo mbali na Jua karibu mara mbili ya Zohali.

Hesabu hizo hizo zikazaa sayari nyingine. Kadiri miaka ilivyopita, Uranus ilionekana kuacha njia iliyotabiriwa, kana kwamba kitu kinaivuta. Urbain Le Verrier wa Paris alikokotoa mahali kitu hicho kinapopaswa kuwa, akamwandikia Johann Galle wa Berlin. Barua ilifika tarehe 23 Septemba 1846. Usiku huo huo Galle alikaa kwenye darubini akitaja nyota moja moja, na mwanafunzi Heinrich d'Arrest akizitafuta kwenye ramani. Haukupita muda mrefu akataja moja ambayo ramani haikuwa nayo. Ilikuwa Neptuni, na hesabu ya Le Verrier ilikuwa imekosea kwa chini ya nyuzi moja. Galileo naye alikuwa ameiona mwaka 1612, akaichora kama nyota.

Ugunduzi mwingine mkubwa ulifanyika juu ya Bahari ya Hindi. Tarehe 10 Machi 1977 ndege ya Marekani iliyobeba darubini yenye kioo cha sentimeta 91 iliruka kutoka Perth, Australia, ikaelekea kusini mwa bahari hiyo. James Elliot na wenzake walitaka kupima hewa ya Uranus wakati sayari ikipita mbele ya nyota. Zaidi ya nusu saa kabla ya wakati uliotarajiwa, mwanga wa nyota ulififia ghafla kwa sekunde chache, ukarudi, kisha ukafifia tena na tena. Uranus ilipopita, mfifio ule ule ulijirudia upande wa pili. Zilikuwa pete, ambazo hakuna aliyekuwa akizitafuta.

Hadi sasa chombo kimoja tu kimeifikia sayari hiyo. Voyager 2 iliipita tarehe 24 Januari 1986 na kuendelea na safari yake hadi Neptuni, ambako ilifika Agosti 1989. Mwaka 2022 jopo la wanasayansi wa Marekani liliiweka safari ya kwenda kuizunguka Uranus kuwa ya kwanza katika orodha ya miradi mikubwa mipya ya sayari, na lilifanya vyema: uwanda wa sumaku wa sayari hiyo, ambayo hujizungusha ikiwa imelala ubavu, umepimwa kwa karibu mara moja tu, Voyager 2 ilipopita.