Uji wa Asubuhi Pasipo Maziwa

Mama wengi wakija hospitalini na watoto wao hutuambia neno hili: "Zamani tulikuwa na maziwa. Sasa hatuna. Mtoto anakula uji mtupu." Mama akisema hivyo huinamisha kichwa, kana kwamba ana kosa. Hana kosa. Lakini ni lazima tumjibu, maana uji mtupu umewaharibu watoto wengi katika nchi yetu. Jibu letu ni hili: maziwa ni chakula chema, lakini si chakula pekee kinachojenga mwili. Viko vingine, na vingi vyao vinapatikana shambani kwako au sokoni karibu nawe.

MAZIWA YAMEKWENDA WAPI?

Watu wa Masisi wanajua habari hii kuliko sisi. Milima ya Masisi ni nchi ya majani mazuri na ng'ombe. Jibini ya Masisi inajulikana Goma na hata mbali zaidi. Katika nyumba nyingi mtoto alikuwa akipewa kikombe cha maziwa mabichi yaliyochemshwa, au maziwa ya kuganda, pamoja na uji wake. Kisha mwaka 1993 vita vilianza upande wa Walikale vikaenea Masisi, na ng'ombe wengi waliibiwa au kuchinjwa. Tangu mwisho wa mwaka 2021 vita viliwaka tena katika Kivu ya Kaskazini, na mwaka 2025 mapigano yalifika mpaka Walikale mjini. Mtu anayekimbia usiku na mtoto mgongoni hawezi kuchunga ng'ombe.

Katika Walikale habari ni nyingine. Kule ni msitu mkubwa, na ng'ombe ni wachache tangu zamani. Maziwa yanayofika ni yale ya unga katika makopo, na bei yake ni kubwa. Mama hununua kidogo, kisha huyaongezea maji mengi ili yadumu siku nyingi. Maji yale meupe hudanganya macho. Mtoto hushiba maji, wala hapati nguvu.

UJI MTUPU UNA HATARI GANI?

Mmekwisha kujifunza ya kuwa vyakula ni vya namna tatu. Viko vya kutia mwili nguvu, kama mihogo, mahindi, mtama, ndizi na mchele. Viko vya kujenga mwili, kama maziwa, nyama, samaki, mayai, maharagwe, soja na karanga. Na viko vya kulinda mwili, kama mboga za majani na matunda. Uji wa unga wa mihogo na maji ni wa namna ya kwanza tu. Ni kama kujenga nyumba kwa udongo pasipo miti. Ukuta utasimama siku chache, kisha utaanguka.

Mtoto anayelishwa hivyo siku nyingi, hasa akipatwa pia na kuharisha, malaria au surua, huanza kuugua. Miguu yake huvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo hubaki. Nywele huwa nyepesi na nyekundu. Ngozi huchubuka. Hachezi tena, ana huzuni, anakataa chakula. Huku Kivu ugonjwa huu watu huuita bwaki. Waganga huuita kwashiorkor. Jina hilo liliandikwa mwaka 1935 na daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi inayoitwa sasa Ghana. Alilipata kwa watu wa Accra, nao walikuwa na maana ya ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Tazameni hekima ya mama wale! Waliona kwamba mtoto huugua anapoachishwa ziwa na kupewa uji peke yake.

Usidanganyike na mashavu ya mtoto mwenye bwaki. Wengine husema, "Amenenepa." Hakunenepa. Ni maji.

KIKOMBE KIMOJA CHA MAZIWA NI SAWA NA NINI?

Kitu kinachojenga mwili ndani ya chakula huitwa protini. Kikombe kikubwa kimoja cha maziwa ya ng'ombe kina karibu gramu 8 za protini. Unaweza kupata kiasi kama hicho katika:

soja kavu, karibu gramu 25, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula;
karanga, karibu gramu 30, yaani konzi moja;
maharagwe makavu, karibu gramu 40;
samaki wadogo wakavu, karibu gramu 15;
yai moja na kipande cha la pili.

Lakini unga wa mihogo, hata ukila gramu 100, hukupa gramu 1 au 2 tu. Basi mtaona kwa nini mtoto anaweza kujaza tumbo kila asubuhi na bado mwili wake ukawa na njaa.

NJIA ZA KUUTAJIRISHA UJI

1. Unga wa soja. Hii ndiyo njia tunayoipenda zaidi, kwa sababu soja inaota vizuri katika mashamba yetu na unga wake unakaa siku nyingi. Chagua soja nzuri, uioshe na kuianika. Kaanga katika sufuria kavu juu ya moto mdogo, ukigeuza-geuza, mpaka maganda yapasuke na rangi iwe ya dhahabu. Usiiunguze. Pepeta maganda, kisha twanga na kuchekecha, au peleka kinuni kwa mashini. Changanya vikombe 3 vya unga wa mahindi au mtama na kikombe 1 cha unga wa soja. Unga wa mahindi, soja na mtama pamoja watu wengi wa Kivu huuita masoso. Pika uji wake si chini ya dakika 15. Soja na nafaka husaidiana: kinachopungua katika moja kimo katika nyingine.

2. Maziwa ya soja. Loweka kikombe 1 cha soja usiku kucha. Asubuhi ioshe, isugue kwa mikono na kutoa maganda. Itwange mpaka iwe laini sana. Changanya na vikombe 6 vya maji safi, kisha chuja kwa kitambaa safi. Chemsha dakika 20, ukikoroga daima, kwa maana hupanda upesi na kumwagika. Tia chumvi kidogo, na sukari kama unayo. Mimina juu ya uji kama vile ulivyomimina maziwa ya ng'ombe. Mabaki usiyatupe, yatie katika sombe. Maziwa haya huharibika upesi, basi yatumieni siku ileile. Tena angalieni sana: soja isiyoiva vizuri huzuia tumbo kusaga chakula. Msimpe mtu yeyote soja mbichi.

3. Karanga. Kaanga karanga, toa maganda, twanga mpaka zitoe mafuta. Koroga vijiko viwili katika maji kidogo ya baridi, tia katika uji unapokaribia kuiva, acha uchemke tena dakika chache. Watu wa Walikale wanalima karanga. Njia hii ni yao. Lakini karanga zenye ukungu, au zilizokunjamana na kugeuka rangi, zitupwe. Zina sumu inayoharibu ini, na moto hauiondoi.

4. Maharagwe. Yale yaliyopikwa jioni, bakiza kikombe kimoja. Asubuhi yaponde, yapitishe katika chujio ili maganda yabaki, uchanganye na uji. Mama wengine hucheka wakisikia uji wa maharagwe. Mtoto hacheki, anakula.

5. Samaki wadogo. Sambaza walichukuliwa Ziwa Tanganyika na kutiwa katika Ziwa Kivu mwaka 1959, na leo wanauzwa katika masoko yetu mengi. Waliokauka vizuri watwange pamoja na vichwa na mifupa yao mpaka wawe unga, uchekeche. Kijiko kimoja katika sahani ya uji kinatosha. Mifupa ile ina chokaa inayojenga mifupa ya mtoto. Chokaa hiyo imo nyingi katika maziwa, lakini katika soja na karanga ni kidogo. Basi samaki ni msaada mkubwa. Katika msitu mnaweza kufanya vivyo hivyo kwa samaki wa mto waliokaushwa, na kwa viwavi vinavyoliwa. Hivyo navyo hujenga mwili sana.

6. Yai. Lipige katika kikombe, ulimimine polepole katika uji unaochemka, ukikoroga. Liive kabisa. Tunaona nyumba ambamo mayai yote huuzwa sokoni ili kununua sukari na chai. Tunawaomba wababa wafikiri tena neno hili. Yai ni la mtoto kwanza.

Kwa uji wa namna yoyote, ongeza kijiko kimoja kidogo cha mawese mekundu ambayo hayakuunguzwa mpaka kuwa meupe. Wekundu wake hulinda macho, na mafuta yake hutia nguvu nyingi. Avoka iliyopondwa nayo ni njema, na Masisi haikosekani. Tia chumvi yenye madini ya joto, hasa katika nyumba inayokula soja na mihogo mara nyingi, kwa sababu vyakula hivi vinaweza kuongeza uvimbe wa shingo pale madini hayo yanapopungua. Na mihogo michungu ilowekwe majini siku tatu au nne kabla ya kuianika.

NA MAZIWA YA KUGANDA?

Wengine hupenda ladha ya uchachu. Uji uliochachushwa usiku mmoja, kisha ukachemshwa tena asubuhi, una uchachu huo na ni mwepesi tumboni. Lakini uchachu peke yake haujengi mwili. Utieni soja au karanga kama uji mwingine.

Tena mjue kwamba watu wazima wengi hupata maumivu ya tumbo na kuharisha wakinywa maziwa mabichi, ingawa ya kuganda hayawasumbui sana. Mtu wa namna hiyo hana uchawi wala ulafi. Tumbo lake halisagi sukari iliyo katika maziwa. Yeye naye atumie njia hizi.

MTOTO MCHANGA

Yote tuliyosema ni ya mtoto aliyetimiza miezi sita na zaidi. Kabla ya hapo, mpe ziwa la mama peke yake, bila maji, bila uji. Maziwa ya soja ya nyumbani hayawezi kuchukua nafasi ya ziwa la mama. Wala maji ya mchele hayawezi. Mtoto mchanga akilishwa hivyo atadhoofika na kufa. Kama mama amefariki, au mmetengana njiani katika kukimbia, mpelekeni mtoto kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo. Msingojee.

Baada ya miezi sita mpe uji, mara mbili au tatu kwa siku mwanzoni, kisha mara tatu au nne. Uwe mzito, ukae juu ya kijiko bila kutiririka kama maji. Naye aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, hata kama mimba nyingine imeingia. Ziwa halina sumu kwa sababu ya mimba. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha, na tumia kikombe na kijiko, si chupa.

MTOTO ALIYEKWISHA KUVIMBA

Uji mzuri huzuia bwaki. Haumponyi mtoto ambaye amekwisha kuvimba miguu. Huyo aletwe hospitalini, hata kama njia ni mbali, maana anaweza kufa ghafula. Pia aletwe yule ambaye utepe wa kupimia mkono unaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimeta 11 na nusu. Kule atapewa maziwa ya dawa, au pakiti za karanga zilizotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa. Pakiti hizo ni dawa yake. Msizigawe kwa wote nyumbani, wala msiziuze.

Watu wa Kivu wamepigana na ugonjwa huu zamani. Lwiro, upande wa Kusini, waganga walitibu na kuchunguza watoto wenye bwaki tangu kabla ya uhuru wa mwaka 1960, na Bukavu watu waliunda Comité Anti-Bwaki katika miaka ya 1960. Kazi hiyo haijakwisha, na haifanyiki hospitalini tu. Inafanyika jikoni kwako kila asubuhi.

Kama ng'ombe wako watarudi, tutafurahi pamoja nawe, na mtoto anywe maziwa. Lakini mtoto hawezi kungoja vita viishe. Kesho asubuhi, kabla hujatia unga majini, jiulize: "Nitaweka nini cha kujenga mwili?" Weka hata kitu kimoja.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA KATIKA MKUTANO WA WAMAMA

1. Kwa nini uji wa mihogo na maji hautoshi?
2. Taja vitu vinne vinavyoweza kuchukua nafasi ya maziwa. Ni vipi vinapatikana kijijini kwenu mwezi huu?
3. Kwa nini soja ni lazima iive sana?
4. Mtoto wa miezi mitatu anaweza kupewa maziwa ya soja? Eleza.
5. Ukiona shimo linabaki mguuni mwa mtoto wa jirani, utafanya nini leo?